Ukuta Uliotoka Jasho

Zaituni mwanangu,

Kabla ya salamu shika neno hili: tokea Kilwa mpaka ziwa la Nyasa hajazaliwa mtu mwenye bahati kama baba yako. Simba alipoingia kambi yetu njia ya Liwale, alimwacha baba yako aliyenona kwa wali wa pwani, akambeba jirani yangu aliyekonda kama ufito. Ndui ilipita nyumba kwa nyumba, ikafika mlangoni kwangu, ikanusa, ikaenda zake. Mtumbwi ulipotupindukia mtoni, waliokuwa wakinicheka kwamba sijui kuogelea ndio mamba aliowakaribisha. Mimi nilielea kama kibuyu mpaka ng'ambo. Na siku ulipobomoka ule ukuta wa maji wa Serikali, mimi msimamizi wake, niliyekuwa nikikaa pale chini kila siku ya Mungu juu ya kigoda changu na mwavuli wangu, siku hiyo tumbo likaniuma, nikapanda bomani kutafuta dawa. Kigoda kilionekana siku ya tatu, kimenasa kwenye matete, mguu mmoja hakina. Miguu yangu mimi yote miwili ninayo. Ndiyo maana Songea nzima huniita Mwenye Bahati, na Bwana Mkubwa wa boma mwenyewe alipoisikia habari hiyo alinipa sigara.

Umeisikia mara nyingi. Ulikuwa ukiicheka mpaka unashika ubavu, na ukiisha kucheka unasema, "Baba, rudia pale pa kigoda." Nami narudia.

Sasa salamu. Mimi mzima, mama yako mzima, na wewe uko hapo uani unafunga mzigo, nakusikia unagombana na kamba. Naandika jua lingali juu kwa sababu tumeambiwa tusiwashe taa madirishani. Karatasi hizi nimezichana katika daftari la wachimbaji, nyingine sina. Ukizigeuza utakuta majina ya watu. Usiyafute.

Sitakuambia ufunge nini, ule nini, ulale upande gani wa moto. Mama yako amekwisha kuyasema hayo mara tatu, na mzee wa msafara utakaokupeleka atayasema mara ya nne, maana mtu akibeba chumvi na tumbaku miaka ishirini hujiona ana akili ya kugawia watu. Mimi nataka kukuambia yale ambayo mwingine hawezi kukuambia, kwa sababu mwingine hayajui. Na katika nyumba hii ni sisi wawili tu tunaojua kusoma. Mimi chuo nilikiacha juzuu ya tatu, na herufi za Kizungu nilizipata kwa kunakili maandishi ya masanduku bandarini, lakini kidogo hicho nilikupa wewe chote. Mama yako akiishika barua hii ataona wino tu. Namshukuru Mungu kwa hilo, na naona haya kwa kushukuru.

Basi sikiliza habari ya fedha ya maji.

Unakumbuka baraza lile, Bwana Mkubwa alipopanda juu ya sanduku akasoma? Alisema Serikali kuu ya Daressalama imetoa fedha kwa ajili ya maji na kwa ajili ya nguvu za maji. Kila boma liliomba, na Songea imepewa. Utachimbwa mfereji kutoka kijito cha Matogoro, utajengwa ukuta wa mawe kuyakusanya maji, na chini ya ukuta litawekwa gurudumu kubwa ambalo maji yatalisukuma usiku na mchana, lisage unga na kupasua mbao bila mkono wa mtu. Akasema pia fedha hiyo ina mwaka wake. Mwaka ukiisha kabla gurudumu halijazunguka, fedha inarudi ilikotoka, na Bwana Mkubwa ataonekana mjinga mbele ya wakubwa zake. Hilo la ujinga hakulisema, nimeliongeza mimi, lakini lilikuwa limeandikwa usoni pake.

Mimi niliwekwa msimamizi. Nani mwingine? Naijua pwani, nawajua Wadachi, najua kuhesabu mpaka elfu na kurudi. Mjomba wako Ngonyani, kaka wa mama yako, akawa mkuu wa wachimbaji, kwa kuwa watu wa kijiji chake ndio waliokamatwa kuchimba kwa ajili ya kodi. Siku ya kwanza alikuja amebeba jembe begani, akaniita mlamu, ndivyo wao wanavyomwita shemeji.

"Mlamu, fedha hii ya maji imetoka kwa nani?"

"Kwa Serikali."

"Na Serikali imeipata wapi?"

"Kwenye kodi."

"Kodi ya nani?"

"Ya watu wote. Yako pia."

Akafikiri. "Mimi kodi ya mwaka jana nilimuuza mbuzi wangu mweupe. Kumbe mbuzi wangu amekwenda Daressalama, amevaa kofia, na leo amerudi kunisimamia!"

Watu walicheka mpaka askari akainua kiboko. Mimi nilicheka kuliko wote. Mjomba wako alikuwa mtu pekee Songea aliyejua mzaha kama mimi, ila wake ulikuwa na mfupa ndani.

Siku hiyo hiyo alitaka kuweka unga kidogo pale kijito kinapotokea mlimani, kuwaarifu wazee waliolala kule kabla hatujayageuza maji njia yake. Nilimwambia, "Mlamu, usipoteze unga. Gurudumu likianza litatusagia unga wa kuwapa wazee wako mpaka waseme basi." Akaniangalia, akaurudisha unga kwenye kifuko chake. Mwanangu, mimi ni mtoto wa Kiislamu, mambo ya unga chini ya mti si yangu. Lakini mtu alikuwa anaomba radhi, nami nilimnyima nafasi ya kuomba radhi kwa sababu nilikuwa na neno tamu la kuchekesha watu. Hilo nilihesabu kuwa dogo. Sasa silihesabu hivyo.

Ukuta ulihitaji saruji, nao ule unga wa Kizungu hupatikana pwani tu. Nikapelekwa Kilwa na wapagazi sitini. Kule saruji ilipimwa ndani ya madebe, kila debe likazibwa kifuniko kwa risasi iliyoyeyushwa, mpagazi mmoja debe moja, na Mdachi wa ghala akaniambia maneno manne tu: "Hii isione maji. Umesikia?" Nikamjibu nimesikia. Na kweli nilisikia.

Tulifika Tunduru salama. Tumetua mizigo, akaja mama mmoja, mtungi wake umemvunjikia kisimani, amelowa mpaka kiunoni. Akaligonga debe kwa kidole, likalia.

"Bwana, hili unaliuza?"

"Haliuzwi, mama. Mali ya Serikali."

"Ndani mna nini?"

"Unga wa Wazungu."

"Wanakula?"

"Wanajengea."

"Basi wewe umwage, debe nipe mimi. Nitakupa jogoo."

Nilicheka. Kisha nikamtazama jogoo. Zaituni, hujaona jogoo kama yule. Nikasema moyoni, debe moja si kitu. Saruji nikiitia kwenye gunia la mpunga itabaki saruji ile ile, na mvua mwezi huu hakuna. Asubuhi walikuja wanawake kumi. Adhuhuri walikuja thelathini, na rupia mkononi, maana debe halivunjiki, debe halina uzito, mwanamke mwenye debe anachota maji mara moja pale mwenzake anapokwenda mara mbili. Walikuwa wanaimba. Mimi katikati yao kama bwana harusi, nauza, natania, napimia saruji ndani ya magunia. Lilipouzwa debe la mwisho nilijiona nimetenda jambo jema duniani: watu wa Tunduru wamepata vyombo vya maji, Serikali itapata saruji yake, na mimi nimepata faida. Wote wamefurahi, nani ameumia?

Katika faida hiyo nilinunua mwavuli, saa ya mfukoni isiyotembea, na bangili mbili za fedha. Bangili hizo unazo mkononi sasa hivi, zinagongana unapovuta kamba.

Siku mbili kabla ya Namtumbo ilinyesha mvua ya mchana mmoja. Haikuwa na haki ya kunyesha, ilikuja mapema kama mgeni asiyealikwa. Tuliyafunika magunia kwa majani na nguo zetu. Kesho yake wapagazi walipojitwika walipiga kelele. Magunia yalikuwa yamegeuka mawe, Zaituni, mawe yenye sura ya gunia na alama ya mshono ubavuni. Yaliyopona hayakuzidi kumi. Hayo mengine tuliyatupa bondeni, na nadhani yako huko mpaka leo. Ukipita njia hiyo utayaona yamelala kama kondoo.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angekwenda kwa Bwana Mkubwa akasema, nimekosa. Angepigwa viboko hamsa ishirini, angelala kifudifudi mwezi mzima, angepona. Ningekuwa na mgongo wa makovu na nyumba yenye watu wanaosema nami. Lakini mimi nilijua Kidachi maneno arobaini, nilijua kucheka mbele ya wakubwa, nikaona aibu kupigwa kama mshenzi. Bwana Fundi, yule Mzungu aliyeletwa kujenga, alikuwa amelala na homa, hawezi kunyanyua kichwa. Mwaka wa fedha ulikuwa unakimbia. Bwana Mkubwa kila asubuhi alikuwa akiuliza, "Ukuta?" Nami nikaujenga. Ndani nilitia udongo wa kichuguu na majivu, na saruji ile iliyopona niliipaka usoni tu, kama bibi harusi mwenye makovu ya ndui anavyopakwa liwa siku ya harusi. Ukang'aa! Bwana Fundi aliletwa kwa machela, akaugonga mara mbili kwa fimbo yake, akasema maneno ya kwao, akarudishwa kitandani. Barua ikaandikwa Daressalama kwamba ukuta umekwisha. Gurudumu likazunguka siku sita. Ulikuja ukaliona, ulivaa bangili zako.

Mvua zilipokolea, maji yakajaa mpaka ukingoni. Chini ya ukuta watu walikuwa bado wanachimba njia ya kupeleka maji bomani. Mjomba wako akaja kwangu siku moja, ananong'ona.

"Mlamu, ukuta unatoka jasho."

"Kila anayefanya kazi hutoka jasho," nikamjibu kwa sauti ya wote kusikia. "Wewe tu ndiye mkavu."

Wakacheka. Hata yeye alicheka, kidogo. Aliugusa ukuta kwa kiganja, akakinusa kiganja chake, akaenda kuchimba.

Siku ya nne baada ya hapo ulibomoka. Walikufa saba, yeye mmoja wao. Wewe ulilia kwangu, ukasema, "Bora wewe umesalimika, baba." Nikakupangusa machozi.

Kisha Bwana Mkubwa akaniita. Alikuwa mweupe kuliko siku zote, maana fedha ya Serikali ilikuwa imeteremka na mto na yeye ndiye atakayeulizwa. Akasema, "Kwa nini?" Neno moja tu. Lilikuwa limesimama mbele yangu kama mlango ulio wazi, ningeingia tu. Nikasema, "Bwana, wachimbaji walikuwa wanaichukia kazi. Waling'oa mawe ya chini. Mkuu wao ndiye aliyewaongoza." Nilimtwika marehemu, kwa kuwa marehemu hawezi kutua mzigo. Nilijiambia kwamba haitamuumiza, amekwisha kufa.

Haikumuumiza yeye. Nyumba yake ilichomwa, mkewe akiwa nje na mtoto mgongoni. Mbuzi walichukuliwa. Nduna, mkuu wa kijiji, mzee ambaye hata mimi humwamkia shikamoo, alilazwa chini mbele ya wake na wakwe zake akapigwa hamsa ishirini kwa sababu ya uongo wangu. Alipoamka hakupangusa vumbi. Alinitafuta kwa macho katikati ya watu, akanipata, akanisalimu kwa adabu. Mama yako aliyaona hayo yote. Aliacha tu kusema nami, akawa anaweka chakula changu na kugeuka. Wewe ulidhani ni msiba.

Miezi ikapita, na habari ya dawa ikaja. Bomani wanasema vita hivi vimeletwa na waganga kutoka upande wa Matumbi, wanaopita vijijini na dawa yao ya maji, wakiwaambia watu risasi zitakuwa matone. Sawa, waganga wamepita. Lakini yule aliyefika kijiji cha mjomba wako hakukuta watu wa kubembelezwa. Alipokewa kama mvua. Bomani hawajui kwamba mzigo mmoja wa vita hivi niliubeba mimi, toka Tunduru, ndani ya magunia ya mpunga.

Usifikiri naandika kwa homa. Nitakuambia ninayoyaona. Wiki tatu sasa hakuna mwanamke anayeleta kuku sokoni, na chumvi inanunuliwa yote, mpaka ya kukwangua chini ya pakacha. Vijana wa vijijini wamenyoa. Moshi wa kuchoma majani unapanda kila upande, lakini mashamba hayasafishwi. Askari wanacheka sana, kicheko cha watu wanaosikiliza kitu kingine. Na watu, mwanangu, wamekuwa na adabu mno kwangu. Walikuwa wakinitania, "Mwenye Bahati, leo umeponea wapi?" Sasa wananipisha njia, wanainama, wanasema "Shikamoo mzee", hata watu wa rika langu. Nimetukanwa katika bandari tatu na sikuogopa. Adabu hii naiogopa.

Na jana asubuhi mama yako alifungua mlango akakuta debe. Debe kuukuu, kutu pembeni, limejazwa maji mpaka mdomoni bila tone kumwagika nje, na juu yake limelazwa bua moja la mtama. Mchanga umefagiwa, hakuna unyayo. Mimi niliuza madebe kwa kicheko mbele ya wapagazi sitini. Nilidhani wapagazi sitini wana midomo ya kulia ugali tu? Mama yako aliliangalia debe, akaniangalia mimi, akafungua kinywa kwa mara ya kwanza toka masika.

"Mpeleke mwanangu."

Mwanangu, alisema, hakusema mwanetu.

Ndiyo sababu unakwenda Nalasi kwa shangazi yako. Nilikuambia mikorosho yake imezidi mikono, anahitaji msaada. Shangazi yako ana mikorosho miwili, na mmoja hauzai.

Sasa nikupe shauri moja, na hili ulishike kuliko chakula. Njiani mtakutana na watu wa ile dawa, wenye mabua ya mtama kichwani. Watauliza kila mmoja, wewe mtoto wa nani? Ulizoea kunyanyua kidevu na kusema, mimi binti wa msimamizi, binti wa Mwenye Bahati. Mimi ndiye niliyekufundisha kidevu hicho. Kiteremshe. Sema: mimi ni wa Ngonyani, mjomba wangu alikufa kwenye ukuta wa Serikali. Si uongo, ni kweli tupu, na jina lake litakupitisha mahali ambapo langu lingekuzika. Jina langu liache hapa Songea. Nilimchafua yule mtu kaburini, na leo sina pa kumficha mtoto wangu ila nyuma yake. Ukilitamka jina lake litamke vizuri.

Bangili zivue kabla hamjafika Tunduru. Sisemi uzitupe, fedha haina kosa. Ukimkuta pale mwanamke anachota maji kwa debe kuukuu, na wapo wengi, mpe moja. Usimweleze kitu. Nyingine mpe shangazi yako, atakuuliza maswali mpaka uchoke, na bangili itamnyamazisha siku mbili.

Sitakuambia usiseme uongo. Nani mimi? Nakuambia tu nilivyouona ulivyo. Haukuja kwangu ukiwa na ukubwa wa ukuta. Ulikuja na ukubwa wa jogoo, ukanichekesha. Kila ulipokua, ulihitaji wa pili wa kuulisha, na wa tatu wa kuulalia mlangoni. Na mzaha, ambao Mungu alinipa nifurahishe watu, niliutumia kama pazia. Wewe una kicheko changu. Kitunze, ni kizuri, nakipenda kuliko kitu chochote nilichokutana nacho duniani. Ila mtu akikujia ananong'ona, mwanangu, usimjibu kwa sauti ya watu wote.

Bwana Mkubwa ametuagiza sisi watu wa Serikali tuhamie ndani ya boma kesho, na jamaa zetu. Nimepewa pembe moja ghalani, karibu na mawe ya kusagia ambayo hayajasaga tangu masika. Mama yako amekwisha kusema hatakwenda, analala kwa mke wa kaka yake, kwenye kibanda walichomjengea. Nimekaa tangu asubuhi nikiyapima hayo mawili, boma na kibanda. Nadhani nikiisha kukusindikiza nitapita kwanza kibandani. Sijui kama nitafika, na sijui kama nitarudi. Lakini nikienda na mdomo huu nilionao nitaanza na mzaha, najijua. Nitawaambia watu habari ya jogoo, watacheka au hawatacheka, na lile lenyewe litabaki tumboni. Kwa hiyo naliandika kwako kwanza, mkono upate kulizoea, mdomo ufuate.

Umemaliza na kamba. Nakusikia unamwita mama yako aje aone fundo. Mwanga umebaki juu ya Matogoro tu, na karatasi imebaki na nafasi ya vidole vitatu.

Siku ile tumbo halikuniuma. Mjomba wako alikuja asubuhi, mikono yake ina tope, akasema jasho limekuwa maji na maji yanatoka na udongo wa kichuguu. "Mlamu, niwatoe watu?" Ningesema watoe, ingeulizwa kwa nini, na ukuta ungefunuliwa, na magunia yangejulikana. Nikamwambia, "Chimbeni, mimi narudi sasa hivi." Kigoda na mwavuli niliviacha pale pale makusudi, waamini kwamba narudi.

Sina bahati, Zaituni. Nilijua utabomoka, nikaondoka.